Mvinyo wa Mama Mkwe Niliouita Wangu

Ndugu wasomaji, nina miaka hamsini na mbili na ninaishi peke yangu katika chumba kimoja hapa Rumonge, si mbali na soko la samaki. Sina mume. Sina mtoto. Ninapika chakula cha mtu mmoja, na mara nyingi nusu yake inabaki kwenye sufuria...

Majirani wananiita Mama Mapendo. Ni heshima tu. Mapendo ni jina langu mwenyewe, si la mtoto. Wanadhani vita ndivyo vilivyonimalizia watu wangu, nami kwa miaka mingi nimewaacha waamini hivyo. Ni rahisi kusingizia vita! Vita havina mdomo wa kujitetea.

Lakini mwaka jana alifariki mtu wa mwisho hapa Rumonge aliyejua nilichofanya. Tulipotoka kumzika niliona ningeweza sasa kunyamaza hadi kaburini, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo likanitisha kuliko aibu yenyewe. Ndiyo maana ninawaeleza.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, Kongo. Baba alikuwa mvuvi, akatuvusha kuja Rumonge nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kiswahili ndiyo lugha niliyokulia, Kirundi nilikiokota sokoni. Nilipofika miaka ishirini na mitatu nikaolewa na Salvator, Mrundi, fundi wa mota za mitumbwi, mwanaume mpole asiye na maneno mengi.

Ndugu zake hawakunitaka. Dada zake wawili walisema mbele yangu, wakidhani sisikii Kirundi, kwamba kaka yao ameleta Mukongomani asiyejua kulima wala kukamua ndizi. Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu... sikushika mimba! Basi ikawa kila wakija nyumbani wanaangalia tumbo langu kwanza, ndipo wananisalimia.

Ni mtu mmoja tu aliyenitetea katika ukoo ule. Mama mkwe wangu, Koleta.

Alikuwa mjane, mfupi, mgongo umeanza kupinda, jino moja la mbele halipo. Nyumba yake ya mlimani ilichomwa vita vilipoanza, akashuka kuja kuishi nasi mjini. Siku moja wifi yangu mkubwa alisema waziwazi kwamba Salvator atafutiwe mke mwingine. Mama Koleta aliweka chini ungo wake wa maharage.

"Huyu iko mutoto wangu," akasema. "Anayemutukana, ananitukana mimi."

Wifi yangu hakurudi nyumbani kwetu kwa miezi miwili. Mimi niliingia ndani nikalia kwa furaha. Mama yangu mzazi alikwisha kufa. Nilihisi nimepata mwingine.

Mama Koleta alikuwa na kipaji kimoja kilichojulikana tangu mlimani hadi ziwani. Alitengeneza mvinyo wa ndizi, urwarwa kama wanavyouita Warundi, ambao watu walikuwa tayari kutembea asubuhi nzima kuufuata. Alizivundika ndizi shimoni chini ya majani ya migomba, akazimenya, akazikamua kwa nyasi hadi maji yatoke safi, kisha akatia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika. Hayo kila mtu anayajua. Ila yeye alikuwa anainama, anaweka sikio juu ya chombo, anafumba macho na kusikiliza.

"Bado inasema," angeniambia. "Ikinyamaza, iko tayari."

Mara ngapi aliniita nisikilize naye! "Mukazana wangu, kuja usikie." Mukazana ni mke wa mtoto. Nami nilikwenda, nikainamisha kichwa mara moja, nikaona ni kazi ya vikongwe, nikarudi kwenye shughuli zangu. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kumenya. Zaidi ya hapo sikujifunza kitu.

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, vita vilipoa kidogo upande wetu. Magari yalianza tena kupita barabara ya ziwani, yakiongozana na askari, asubuhi kwenda na alasiri kurudi. Watu walikuwa wamechoka kuzika. Ndipo wazee na wafanyabiashara wa Minago, kando ya ziwa kaskazini mwetu, wakaamua kufanya sherehe ya mvinyo na vyakula vya asili, kama zamani. Kila nyumba ilete mvinyo wake, kila mama alete chungu chake, ngoma zishuke kutoka milimani. Atakayeshinda kwa mvinyo atavikwa kitenge kipya na kuketi benchi la mbele pamoja na wakubwa.

Tangazo lilisomwa kanisani, na Mama Koleta akanibana mkono kama msichana. "Tutaenda," akanong'ona.

Salvator alikuwa na kazi ya mota huko Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania, hivyo aliondoka kabla hatujavundika ndizi na hangekuwepo. Kabla ya kuondoka alituomba jambo moja: tusiachane njiani.

Asubuhi ya siku ile tulipanda kamioneti, gari dogo la mizigo, likifuata gari la askari. Mama Koleta alikumbatia mtungi wake mapajani njia nzima, na kila gari liliporuka shimo alisema polepole, "Pole, pole," kana kwamba ndani mna mtoto.

Minago ilikuwa imependeza, ndugu zangu! Chini ya michikichi walikuwa wametandaza mikeka mirefu. Kulikuwa na samaki wa mikeke wa kuchoma, ndagala (dagaa) zilizokaangwa kwa mawese, sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lengalenga, maharage, ugali wa muhogo mweupe. Wanawake walikuwa wamesuka nywele. Ngoma zilipoanza, vifua vyetu vilitetemeka, na kuna mzee mmoja aliyekaa karibu nasi akalia, akasema hajazisikia tangu vita vianze.

Lakini mimi nilikuwa pembeni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mkeka wetu bila mtu wa kuzungumza naye. Mama Koleta alikuwa anasalimiana na watu wa milimani aliowadhani wamekufa, wanakumbatiana na kushukuru Mungu. Wifi zangu nao walikuwepo, upande wa pili wa uwanja. Waliniona. Wakainamiana, wakacheka.

Wazee watatu walipita mtungi kwa mtungi, wakinywa kwa mirija. Walipofika kwetu walikunywa, wakatazamana. Mmoja akainama akanywa tena. Kisha akaita mwenzake aliyekwisha kutangulia mbele, naye akarudi akanywa mara ya pili... Nikajua tumeshinda.

Mkuu wa sherehe alichukua kipaza sauti, akasema mvinyo kama ule hajaonja tangu ujana wake. Akauliza nani aliyeutengeneza.

Mama Koleta alikuwa ameketi kwenye mkeka. Aliweka mkono mmoja gotini, mwingine chini, akaanza kuinuka taratibu kama wanavyoinuka wazee. Mimi nilikuwa nimesimama tayari.

Nikanyoosha mkono. "Ni mimi!"

Watu wakapiga vigelegele. Mkuu wa sherehe akanishika bega, akacheka na kusema lafudhi yangu ni ya ng'ambo. Nani aliyemfundisha Mukongomani kazi ya Warundi?

"Nimejifunza mwenyewe," nikasema.

Akamwona mama yule aliyebaki nusu amesimama, kitenge chake kimetiwa viraka, mkono bado uko gotini. Akaniuliza, je, huyu ni mama yako?

Wasomaji, hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Neno moja tu! Lakini niliangalia ng'ambo ya uwanja nikaona wifi zangu wamesimama kwa vidole vya miguu ili wasikie. Niliona jinsi watakavyocheka wakijua kazi si yangu.

"Hapana," nikasema kwa sauti ndogo, mbali na kipaza sauti. "Ni bibi wa kunisaidia kubeba."

Mama Koleta alinitazama. Akajirudisha mkekani polepole, vilevile alivyokuwa akiinuka. Halafu akapiga makofi. Ndugu zangu... alipiga makofi pamoja na watu wengine!

Walinifunga kitenge kipya, cha njano, chenye maua makubwa. Kwa desturi mwenye mvinyo huonja kabla wageni wote hawajagawiwa, ili wajue hauna sumu, basi nikaletewa mrija nikaonja mbele ya umati, kwa mdomo uleule.

Baadaye kidogo Mama Koleta alinijia. Hakuniita mukazana. Aliniita kwa jina.

"Mapendo, kichwa inaniuma. Narudi nyumbani."

Nilijua kwamba magari hayataondoka kabla ya saa tisa. Nilijua Salvator alituomba nini. Lakini niliogopa! Niliogopa kwamba akibaki atamwambia mtu, au mtu wa mlimani atamtambua na kuuliza. Nilitaka aondoke. Nikamwambia sawa mama, tangulia, nitakukuta.

Jirani yetu Hawa, Mwislamu wa hapa Rumonge aliyekuwa anauza ndagala kavu, alikuwa anarudi kwa miguu na wanawake wenzake wawili, wakitumaini kupata baiskeli za kuwabeba mbele. Alikuwa amesikia yote, kwa kuwa alikaa karibu na mkeka wetu. Alimshika Mama Koleta mkono, akaniangalia usoni. Wakaondoka.

Nikaketi benchi la mbele. Nilikuwa nimeota heshima ile kwa miaka mitatu. Lakini wakubwa walizungumza Kifaransa juu ya kichwa changu, wakapitishiana sahani, na hakuna aliyenigeukia. Nilikula samaki asiye na ladha. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye benchi lile, katikati ya mamia ya watu walionipigia makofi.

Yapata saa nane nilisikia mlio, nikadhani ni ngoma. Kisha ngoma zikanyamaza, na mlio ukaendelea...

Watu wenye silaha walikuwa wameshuka kutoka milimani kupitia mashamba ya mihogo. Sitaeleza niliyoyaona. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wasitamani kujua. Mitungi ilivunjika, mvinyo ukamwagika, watu wakateleza juu yake. Nilikimbilia ziwani pamoja na wengine. Mtumbwi wa mwisho ulikuwa unasukumwa majini.

"Uko na mutu?" mwenye mtumbwi akanipigia kelele.

"Niko peke yangu!"

Akanivuta ndani kwa mkono.

Sikumuuliza mtu yeyote habari za mama. Nilijiambia ameshafika mbali, yuko salama kuliko mimi. Na kweli alikuwa mbali. Kweli alikuwa salama! Hilo ndilo linaloniua.

Tulikaa katikati ya ziwa, tumelaliana kama samaki, hadi milio ikakoma, kisha tukaelekea kusini. Jua halijazama tukafika Rumonge. Nikakimbia nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha. Niliita. Nikazunguka nyumba. Niliketi kizingitini, na kila aliyepita njiani nilidhani ni yeye.

Asubuhi alikuja Hawa. Miguu yake ilikuwa imevimba, hana mtandio. Aliketi chini kwa kishindo, akanieleza.

Walikuwa wametembea karibu saa nzima na wameshavuka daraja waliposikia risasi nyuma yao. Kila mtu barabarani akaanza kukimbia mbele, kuelekea Rumonge. Mama Koleta akasimama.

"Mukazana wangu iko kule," akasema.

Hawa akamvuta, akamwambia, "Mama, yule si amekukana mbele ya watu?"

"Ndiyo, amenikana," Mama Koleta akajibu. "Lakini iko mutoto. Mutoto anakosa, haachwi."

Akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Hawa. Akageuka. Hawa alisema alikuwa anajaribu kukimbia, na mgongo ule uliopinda, viatu ameshika mkononi.

Siku ya tatu askari walifungua barabara, tukaruhusiwa kwenda kutafuta watu wetu. Mwanaume mmoja aliyekuwa amejificha kwenye mihogo alituambia alimwona bibi mfupi akitembea kati ya mabenchi yaliyopinduka, anamuuliza kila aliyelala chini: "Hamujamuona mukazana wangu? Amevaa kitenge ya njano."

Tulimkuta karibu na benchi la mbele.

Salvator alirudi kutoka Kabonga siku ya mazishi. Aliniuliza ilikuwaje, nikamwambia tulipotezana kwenye vurugu. Nilidanganya juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado umelowa! Akanishika kichwa, akanifariji. Watu walisema mnaona, mkwe anavyomlilia kuliko hata binti zake. Wifi zangu wenyewe walinikumbatia, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Matanga yalipokwisha Hawa alinifuata jikoni. Aliniambia yeye hatasema. "Mwambie mumeo mwenyewe," akasema. "Uko na mdomo. Si uliutumia Minago?"

Sikumwambia. Kila jioni nilipanga kumwambia kesho.

Mwaka ukapita, ukoo ukakusanyika kufunga maombolezo. Kwa Warundi siku hiyo haifanyiki bila mvinyo wa ndizi. Nani atautengeneza? Wote wakanigeukia mimi, mshindi wa Minago! Salvator akasema mama yake atafurahi huko aliko.

Nilivundika. Nilimenya. Nilikamua hadi viganja vikachubuka. Nikaweka sikio juu ya chombo na kusikiliza. Sikusikia kitu ninachokielewa. Sikujua inasema au imenyamaza. Nikaufunua siku niliyokisia.

Mvinyo ulitoka mchungu kama nyongo. Wazee walikunywa kwa adabu wakainamisha macho. Hawa, aliyekuja kama jirani, alikaa pembeni na wanawake wengine. Salvator alinywa funda moja, akaweka mrija chini, akaniita nyuma ya nyumba.

"Hii si ile ya Minago," akasema. "Ile, nani alitengeneza?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, tangu mkono nilioinua hadi mtumbwi. Sikuacha neno.

Alichuchumaa mbele yangu. Kisha akaniuliza, je, pale ufukweni nilimuuliza hata mtu mmoja kama amemwona mama?

Nikasema hapana.

"Mama aliuliza," akasema. "Mama alirudi, akakuulizia kwa watu mpaka kwa maiti. Wewe ulipanda mtumbwi."

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga! Alirudi kwa wageni, akawashukuru mmoja mmoja, akawasindikiza. Kesho yake alifunga vifaa vyake vya kazi akaenda Kabonga. Nilisubiri wiki, nikasubiri miezi. Baadaye nikasikia ameoa kule, ana watoto wanne. Sikuwahi kumlaumu.

Kwetu Fizi nako vita vilikuwa vimewatawanya ndugu zangu, sikuwa na pa kurudi. Nikabaki Rumonge. Hawa ndiye pekee aliyekuwa ananitembelea. Siku ya Idi aliniletea sahani ya pilau, tukakaa bila kuzungumza sana. Mara moja tu nilimuuliza kwa nini anakuja kwa mtu kama mimi. Akasema, "Mama yako alinifundisha pale darajani." Sasa naye hayupo; ndiye tuliyemzika mwaka jana.

Amani ilirudi. Nasikia sherehe zinafanywa tena ufukweni, watu wanakula, wanacheza. Majirani huniita twende. Ninawaambia miguu inauma.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wasichana mlioolewa ugenini, msidhani naandika ili mnionee huruma. Risasi sikupiga mimi, najua. Lakini kama ningesema ukweli, mama angekuwa ameketi kwenye benchi lile pamoja nami, tungekimbia tukiwa tumeshikana mikono, na pengine tungefika wote kwenye mtumbwi. Pengine tungekufa wote. Hata hivyo nisingekuwa huyu niliye leo.

Usiwe na haraka ya kusimama mahali pa mtu aliyekubeba. Kuchekwa kunaumiza siku moja, mbili, kisha watu wanapata kingine cha kucheka. Hili langu halijaisha, na nimekuwa mzee nalo.

Kama una mtu aliyekufundisha kazi, aliyekutetea ulipokuwa huna wa kukutetea, mtaje jina lake mbele za watu, kwa sauti kubwa, akiwa hai na anasikia. Mtaje leo! Mimi huwa naita, "Mama Koleta!" humu chumbani mwangu, nikiwa napika au nafagia. Naita kwa sauti. Hakuna anayegeuka.